Hereni za Koko na Kelele za Mashine

Karatu, 14 Januari 2024

Koko wangu,

Nainamisha kichwa, nawe kiwekee mkono hapo hapo ulipo. Mimi mzima. Kikohozi kilichonisumbua sikukuu kimekwisha, na chumba nilichopanga hakivuji tena. Babu Lekoko anaendeleaje? Bado anashuka Engaresero kwa miguu kama kijana? Ng'ombe wako mweusi ameshazaa? Nijibu yote, nisione umeruka.

Sasa acha nikuringie. Nimepandishwa cheo! Pale kiwandani tunakosaga mawe kuwa kokoto za barabara, mimi ndiye msimamizi wa hedseti. Ni vikombe viwili vya kufunika masikio, vina mito laini pembeni na redio ndani. Kelele za mashine zinabaki nje, sauti ya mwenzako inaingia. Mbele kuna kijiti cha kuongelea kinachokaa karibu na mdomo. Kila asubuhi nasimama mlangoni, na hakuna anayeikaribia mashine kabla sijamkagua. Hata bosi wangu Inosenti anapanga foleni. Juzi nilimwambia, "Rudi, kofia imeingia chini ya kikombe," akarudi. Mimi huyo, mtoto wa Nainokanoka!

Koko, kuna jingine. Hilary, dereva wa lori la mahindi, amenisimulia habari ya shuka la Kakenya. Anasema mkanda wa mashine yako ya kusaga ulilinasa, Kakenya akapiga kelele mpaka mbuzi wa nje wakakimbia, na wewe ulikuwa pale pale kwenye injini ukiendelea kupangusa vumbi. Anasema yeye ndiye aliyeizima. Kakenya amekusaidia kazi miaka yote hiyo, ana watoto wanne. Ingekuwaje?

Na simu nilizopiga tangu Novemba hujapokea hata moja. Koko, unasikia vizuri?

Mjukuu wako,
Namelok


Nainokanoka, 20 Februari 2024

Mjukuu wangu Namelok,

Nimekishika kichwa chako, kimenona. Sisi tupo. Ukungu ni ule ule, baridi ni ile ile, na babu yako ni yule yule, ndiyo kwanza amerudi Engaresero na jino moja limepungua. Ng'ombe mweusi amezaa jike. Ila kengele yake imekufa, hailii kabisa. Babu yako anabisha kwamba inalia vizuri. Anazeeka, maskini.

Hongera kwa cheo. Nimewasomea barua yako wanawake wote waliokuja kusaga, na walionuna nikawasomea mara ya pili. Wewe ni damu yangu. Mimi nilipouza mitamba yangu ili ninunue mashine, wanaume walikaa kikao kizima kujadili kama mwanamke anaweza kuiwasha. Walipomaliza kikao nilikuwa nimeshasaga gunia. Hakukuwa na mashine nyingine Nainokanoka, wanawake walikuwa wanapandisha unga kutoka Karatu. Leo wanasema, "Twende kwa Nailantei." Hawasemi twende kwa Lekoko.

Kuhusu simu, huku mtandao uko juu ya kilima, na mimi sipandi kilima ili nikapige kelele kama mchungaji aliyepotelewa na ndama. Nilikwenda kisomo cha watu wazima nijue kuandika. Nitaandika.

Hilary ana mdomo mrefu kuliko lori lake. Shuka la Kakenya lilichanika pembeni tu, nimemshonea. Siku hizi watu wanaongea na vifua vyao, kisha wanasema hujawasikia. Zamani mtu alifungua mdomo.

Mjomba wako Mepukori amekuwa akija kwenye mashine. Anaizunguka, anaitazama kama mtu anayetazama ng'ombe mgonjwa wa jirani. Anasema mashine haiendeshwi na kiziwi. Ni kweli, haiendeshwi na kiziwi. Ndiyo maana mimi si kiziwi.

Sikio halipiti kichwa, mjukuu wangu. Usiniulize tena.

Koko yako,
Nailantei


Karatu, 9 Machi 2024

Koko wangu,

Shikamoo, na hongera ya ndama. Kanisani Jumapili nimekutana na mama mmoja wa Baray, kanipa vitunguu vingi mno, nimekuwekea fungu kwenye gunia hili. Mvua zimeanza kunukia, kwa hiyo namkimbiza Hilary kabla barabara haijaharibika.

Sikuulizi tena. Nakuambia tu nilichofundishwa kazini. Kelele haziumi. Zingeuma tungekimbia. Zinakula usikivu kidogo kidogo, na kilicholiwa hakirudi. Lakini kilichobaki kinaweza kulindwa, na mtu aliyebakiwa na kidogo ndiye anayepaswa kukilinda zaidi.

Kiwanda kimeleta hedseti mpya, na Inosenti ameniruhusu kuchukua mbili za zamani ambazo bado ni nzima. Moja yako, moja ya Kakenya. Zinaongea zenyewe kwa zenyewe. Kakenya akiwa mlangoni kwenye magunia na wewe kwenye injini, akisema "zima" utamsikia, hata kama injini inanguruma.

Ziwashwe kwanza, ndipo zivaliwe. Mto lazima ulale juu ya ngozi kuzunguka sikio lote, usiachie upenyo hata wa unyasi. Hapa wenye rasta na miwani wananisumbua sana, ila wewe na kichwa chako kilichonyolewa umebarikiwa, mto utakaa vizuri ajabu. Vua hereni. Shanga zikibaki chini ya mto, kelele zinapita hapo hapo. Kijiti kiwe karibu na mdomo, umbali wa unene wa kidole. Ukimaliza, futa mito kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kausha kivulini, toa betri. Betri utachaji kwenye sola yako.

Kakenya avae pia, hata akilalamika.

Wako,
Namelok


Nainokanoka, 2 Mei 2024

Namelok,

Umemuua babu yako.

Barabara ilikuwa tope tupu, lori limekaa Karatu wiki nyingi, ndiyo maana unapata habari ya msiba msiba ukiwa umekwisha. Vitunguu vilifika vizuri. Ndama anakua. Sasa sikiliza.

Siku ya mnada nilifanya kama ulivyoandika. Nilivua hereni zangu nikaziweka juu ya gunia, nikavaa vile vikombe vyako, nikawasha injini. Kweli vinaziba, hilo siwezi kulikataa. Kelele iliondoka kama mgeni aliyefukuzwa. Kakenya hakuvaa vyake, alisema vitamnyonya mawazo. Nikasaga, nikasaga, nina amani kabisa.

Ninyi watoto mliokaa mjini mmesahau mnatoka wapi? Mke wa mtu havui hereni zake mchana kweupe, Namelok. Akizivua zote akaziweka kando, maana yake ni moja, mumewe amekufa. Na babu yako alikuwa Engaresero tangu wiki iliyotangulia!

Wanawake waliokuja kusaga waliziona zile hereni juu ya gunia. Mmoja akashika mdomo. Nilipogeuka nikawaona wanalia mlangoni, nikadhani ni vumbi la unga. Nikawaonyesha kwa mkono, sogeeni nje kuna hewa. Wakalia zaidi. Kakenya alinisimulia baadaye, wakasema, tazama mama wa watu anavyojikaza, mume amelala na yeye anasaga. Mnada ukasimama. Kuna mzee alishaleta kondoo.

Babu yako akatokea kwa upande wa juu, fimbo mabegani, akaona umati kwenye mashine ya mkewe. Akauliza, "Nani amekufa?"

Kakenya akamwangalia, akasema, "Ni wewe, mzee."

Nilipozima injini nikavua vikombe, nikamkuta amesimama mbele yangu. Akauliza, "Nailantei, kwa nini ulizivua?" Mepukori naye alikuwepo, amekunja mikono. Nikasema nilikuwa nazisafisha. Babu yako akachukua hereni juu ya gunia akanipa. Yule kondoo tulimla, ingekuwa aibu kumrudisha.

Na mito yako ni mibovu. Niliipaka mafuta ya kondoo ili iwe laini, kama ninavyofanya ngozi zangu. Imevimba, inateleza, imekuwa kama mdomo wa mtu aliyeng'atwa na nyuki.

Vitu vyako vimening'inia kwenye msumari. Sivui hereni tena mpaka babu yako afe kweli, na kwa jinsi alivyokula kondoo wa msiba wake mwenyewe, hana haraka.

Koko


Karatu, 19 Mei 2024

Koko wangu,

Nimecheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Kisha nimeona aibu. Mimi ni mtoto wa Kimaasai nimekuandikia "vua hereni" kama naandikia mzungu wa hotelini. Nisamehe. Mwambie Babu nimefurahi amefufuka.

Nimekuwekea mito mipya kwenye kifurushi. Hubadilishwa kama soli ya kiatu, inabandikwa tu. Ila usiipake mafuta, Koko, wala ya kondoo wala ya taa. Mafuta yanaila. Sabuni na maji basi.

Lakini suala la hereni sijalipatia jibu. Nimejaribu mwenyewe, nikavaa za harusi ya dada na kusimama kando ya mashine. Kelele zilipenya kama hakuna kitu. Na si wewe tu. Hapa kuna mzee Tajewo wa Endulen, anaongoza malori kurudi nyuma. Masikio yake yametogwa na kuvutwa enzi za ujana, na yana shanga alizoshonewa na mama yake marehemu. Hazivui. Inosenti anasema asipovaa hedseti vizuri atamhamishia kufagia nje ya geti. Tajewo anasema atafagia, lakini nimemwona jioni amekaa peke yake. Mimi ndiye msimamizi na nimekwama. Wewe uliyenifundisha kushona shanga, niambie nifanye nini.

Jambo la mwisho sitaki kuliandika, lakini nitaandika. Mjomba Mepukori amenipigia. Anasema mama yake hasikii, anataka achukue mashine kiangazi kikianza, kabla mtu hajafa. Nilimjibu kwamba hajui anachosema, kwamba Koko wangu anasikia mpaka mchwa wanaotafuna mlango.

Koko, nilimwambia kweli au nilimdanganya?

Namelok


Nainokanoka, 30 Juni 2024

Mjukuu wangu,

Babu yako anakusalimu. Ndama amepewa jina lako kwa sababu naye hamwachi mama yake apumue.

Ulimdanganya.

Sisikii vizuri. Nimeandika mara moja, usitake niandike tena. Kengele ya ng'ombe mweusi inalia, mimi ndiye niliyekufa kwake. Mvua juu ya bati naiona kwa macho. Wanawake wakicheka nami nacheka, kisha naomba Mungu isiwe walikuwa wanazungumzia msiba. Kakenya alipopiga kelele siku ile ya shuka sikusikia kitu, Namelok, hata kidogo. Nilipogeuka nikaona uso wake. Tangu siku hiyo siwashi injini kabla sijageuka mara tatu kumtafuta Kakenya kwa macho, na nimekuwa nikisema natafuta ufagio.

Barua yako nilikaa nayo mifukoni, kisha nikamwambia Lekoko tukiwa tunakamua. Nilidhani atashangaa. Akaendelea kukamua. Akasema, "Nilijua. Kwani hujaona siku hizi nakaa kushoto kwako? Sikio hilo bado lina uhai." Kumbe miaka yote hiyo! Nami nilidhani anakimbia moshi. Nilimkasirikia sana, halafu nikamwekea maziwa ya kwanza.

Basi nikatoa vikombe vyako kwenye msumari. Nilianza kwa kushona hereni kwenye mto wenyewe, nikautoboa, kelele ikaingia kama maji kwenye debe bovu. Nikabandika mto mwingine, nikafikiri upya. Ule upinde unaopita juu ya kichwa ndio hauna kazi nyingine ila kushikilia. Nikaukatia ngozi ya ndama, nikaushonea koti, na juu ya koti, huku na huku, nikalaza hereni zangu na kuzikaza kwa uzi wa kano zisining'inie. Kitu kinachoning'inia karibu na mkanda wa mashine ni kitanzi, hilo hukuhitaji kunifundisha. Masikio yangu yako chini yake, matupu, mito imelala kwenye ngozi, na hereni zinaonekana mpaka ng'ambo ya mnada.

Lekoko hakutaka watu waone kwanza ndipo waulize. Siku ya mnada aliwaita wazee kwenye mashine. Akachukua ile hedseti, akanivisha kwa mikono yake. Akasema, "Hereni za mke wangu ziko pale zinapoonekana. Mimi niko hai. Masikio yake yameliwa na kusaga unga wenu, na yaliyobaki nataka ayatunze. Mwenye neno alitoe sasa."

Mepukori alikuwa nalo. Aliomba hedseti ya Kakenya akaivaa, akaenda kusimama nyuma kabisa, penye magunia. Nilijua anataka nini. Niliwasha injini, nikampa mgongo. Safari hii sikugeuka kumtafuta mtu.

Hakupiga kelele. Alinong'ona, mwanangu yule, kwa hila alinong'ona. Akaniita kama mtoto anavyomwita mama yake, "Yeyo, zima."

Nikazima.

Ilikuwa kimya mpaka ungesikia, nadhani, hata mchwa wako. Nikageuka nikamwambia mbele ya wazee, "Umesema taratibu mno, mwanangu. Ukitaka kunijaribu tena, ongea kama mwanaume." Wanawake walipiga vigelegele mpaka Lekoko akaziba masikio yake. Mepukori alicheka. Jioni alinijia akasema aliogopa, alimwota Kakenya kwenye mkanda. Nikamwambia hata mimi. Sasa kila siku ya mnada anakuja kubeba magunia. Mashine ni yangu.

Nimekuwekea koti jingine la ngozi, la yule mzee Tajewo. Shanga za mama yake azilaze mwenyewe, si kazi ya mtu mwingine kuzigusa.

Koko yako,
Nailantei, mwenye mashine


Karatu, 21 Julai 2024

Koko wangu, mwenye mashine,

Nainamisha kichwa mara mbili. Nimeisoma barua yako kazini wakati wa chai nikalia mbele za watu, na sikuona haya.

Tajewo alilaza shanga zake mwenyewe, hakutaka hata nimshikie uzi. Inosenti alimkagua, akavuta kila ushanga kuona kama kuna unaolegea, akaangalia mito kuzunguka sikio lote. Halafu akamwongelesha kwa redio huku mashine inasaga mawe, na Tajewo akamjibu, "Nakusikia, na umekosea, lori hilo lirudi kulia." Amebaki kazini kwake. Anatembea pale kiwandani kama mtu aliyeoa juzi. Wengine wawili wanataka makoti, na wa tatu ni kijana ambaye hajatoga chochote. Nimewaambia wote yameshonwa na koko yangu wa Nainokanoka, na nimelitaja jina lako lote.

Koko, nimejivunia vitu vingi mwaka huu, cheo kikiwemo. Hakuna nilichojivunia kama ile sentensi yako fupi kuliko zote, "Nikazima."

Masikio yako nataka yapimwe. Nitaomba ruhusa Septemba, nikupeleke Arusha kwa daktari. Usinikatalie. Na usiniambie sikio halipiti kichwa, nakuomba tu.

Namelok wako


Nainokanoka, 15 Agosti 2024

Mjukuu wangu,

Tupo. Ng'ombe wapo. Arusha nitakwenda, ila babu yako akae kushoto kwangu kwenye basi. Makoti ya hao wawili yako tayari, la yule kijana asiyetoga litasubiri mpaka atoge.

Nikuambie mambo ya hapa. Lekoko amezoea kuchukua hedseti ya Kakenya tukimaliza kusaga. Anakaa nje kwenye jiwe, mimi nikifagia ndani, ananiongelesha. Nimegundua mume wangu anaongea upuuzi mwingi sana, na miaka yote hiyo nilikuwa naitikia tu. Sauti yake imezeeka. Nilikuwa nimebaki na ile ya zamani kichwani. Hii pia ni nzuri.

Nimewaza, kama nimesikia ya kwake, nisikie na ya kwako. Mepukori amejaribu, amesema hedseti inaunganishwa na simu, na kweli imekubali. Jumamosi asubuhi nitapanda kile kilima, na hereni zangu kichwani. Nipigie.

Usipaaze sauti, mama. Ongea kawaida.

Koko